GR86 yenye kilomita 9,000: zilikimbiwa wapi?

Swali: Habari za kazi, kaka. Nipo Arusha, nina miaka 41, biashara inakwenda na sidaiwi na mtu. Wakala wa magari amenitumia picha za Toyota GR86 ya mwaka 2022 iliyoko Japani. Ni RZ, gia ya mkono, nyekundu, imetembea kilomita 9,000 na karatasi ya mnada inasema 4.5. Tangu nizione hizo picha usingizi umekata. Mke wangu anauliza watoto watakaa wapi, mdogo wangu anasema nachoma hela, na wakala anataka nusu ya malipo kabla ya Ijumaa. Gari ambalo ni kama jipya, kuna haja ya kulichunguza au nilipe tu?

Jibu: Kaka, pole na usingizi. Gari ulilolipenda limetengenezwa kwa makusudi likate watu usingizi. Injini ni boksa, yaani silinda zake zimelala ubavu, ya lita 2.4 isiyo na turbo, inatoa nguvu za farasi 235 ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, gia ni sita, na gari zima lina kilo 1,270 hivi. Linatengenezwa na Subaru katika kiwanda chao cha mkoa wa Gunma, pamoja na pacha wake BRZ, ila hili lina nembo ya Toyota. Siku hizi magari mapya mepesi yenye gia ya mkono na bei ya mtu wa kawaida yamebaki ya kuhesabu, kwa hiyo sikushangai hata kidogo.

Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, na jibu ni ndiyo, lichunguze. Lichunguze kuliko ambavyo ungechunguza Corolla yenye kilomita 90,000. Corolla ya kilomita 90,000 ilikwenda kazini, sokoni na kwa wakwe, basi. Gari la spoti lenye kilomita 9,000 huenda lilitembezwa taratibu Jumapili na mzee mstaafu anayelifuta vumbi kila jioni, au huenda nusu ya kilomita hizo ziliishia kwenye viwanja vya mbio kama Fuji Speedway, Tsukuba, au kule Ebisu mkoani Fukushima ambako watu wanakwenda kuserereka kwa makusudi mpaka tairi zitoe moshi. Odometa inaandika 9,000 kwa wote wawili. Gari likisafishwa na kupigwa polishi, picha za wote wawili zinafanana. Kwa hiyo acha kuuliza limetembea kiasi gani, uliza kilomita hizo zilikimbiwa wapi na nani alikuwa analihudumia.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa magari karibu mapya hawalijui. Japani gari jipya la mtu binafsi hupewa ukaguzi wa serikali, wanauita shaken, unaodumu miaka 3, kisha hukaguliwa kila baada ya miaka 2. Cheti cha ukaguzi huandikwa kilomita za siku hiyo, na ndicho kinachotusaidia kumkamata aliyerudisha odometa nyuma. Sasa wamiliki wengi huuza gari likikaribia shaken yake ya kwanza ili kukwepa gharama. Gari la namna hiyo linaingia mnadani bila kilomita hata moja iliyowahi kuandikwa na mkaguzi wa serikali. Yaani gari lenye miaka 10 linaweza kuwa na ushahidi mzuri zaidi wa kilomita zake kuliko lenye miaka miwili na nusu. Muulize wakala gari hili lilisajiliwa mwezi gani mwaka 2022 na liliuzwa lini. Kama liliuzwa kabla ya kutimiza miaka 3, basi ushahidi wako ni kitabu cha matengenezo kinachokaa kwenye droo ya dashibodi. Sheria ya Japani inataka gari lifanyiwe ukaguzi wa gereji kila baada ya miezi 12, na gereji hugonga muhuri na kuandika kilomita. Omba picha ya kila ukurasa ulioandikwa. Mihuri ya gereji ileile na oili iliyobadilishwa kwa wakati inaniridhisha kuliko rangi inayong'aa. Kitabu kikikosekana kabisa kwenye gari la umri huu, mimi ningeuliza kwa nini, na jibu la "kilipotea" nisingelikubali kirahisi.

Tuje kwenye karatasi ya mnada. Hiyo 4.5 ni alama nzuri, lakini jua inasema nini. Inasema bodi na fremu viko salama na mikwaruzo ni midogo. Haisemi chochote kuhusu klachi, meno ya gia ya tatu, au injini ilizungushwa vipi. Pia, kwa taratibu za minada ya Japani, gari huitwa la ajali, lile la alama R au RA, pale tu sehemu za fremu zinapokuwa zimeguswa. Bampa, madigadi ya mbele, boneti na taa ni vitu vya kufungwa kwa bolti. Vikivunjwa na kubadilishwa, gari linabaki kuwa safi kwenye karatasi. Kwa gari la spoti huo si mchezo. Lililopiga ukingo wa kiwanja likabadilishiwa bampa na digadi linaweza kupita na 4 au 4.5 bila mtu kusema uongo.

Kwa hiyo omba karatasi yenyewe, ile ya Kijapani, si tafsiri ya wakala aliyoichapa kwenye ujumbe. Tazama mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni dalili kuwa paliwahi kunyooshwa au kupakwa rangi, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata ni ukubwa, A1 ni mdogo, A3 utauona ukiwa mbali. Ukiona W au XX mbele upande mmoja, anza kuuliza maswali. Kuna pia kisanduku ambacho mkaguzi huandika kwa mkono, na humo ndimo husemwa kuhusu kutu ya uvunguni, vifaa visivyo vya kiwandani, rimu zilizokwaruzika. Programu za simu za kutafsiri huwa zinachemka kwenye mwandiko wa mkono, kwa hiyo tafuta mtu anayesoma Kijapani hata ukimlipa. Na hakikisha namba ya chasi inayoanza na ZN8 ni ileile kwenye karatasi, kwenye picha ya bati lenyewe, na kwenye cheti cha kusafirishia gari nje. Mawakala wengine huwa na karatasi nzuri moja inayozungushwa kwa wateja wengi.

Umesema ni RZ. Iwe kweli. GR86 ilipoanza kuuzwa Oktoba 2021 ilikuja kwa madaraja ya RC, SZ na RZ. RC ilikuwa ya bei ya chini, rimu za chuma za inchi 16, imepunguzwa vitu ili mnunuzi ajengee gari la mashindano. Kuna pia Cup Car Basic, ambayo hutoka ikiwa na kizimba cha mabomba ndani kwa ajili ya mbio za GR86 na BRZ. Kizimba kinafunguliwa, lakini matundu ya bolti hubaki chini ya zulia. RZ ya kweli inatoka kiwandani na rimu za inchi 18.

Sasa zile picha za kudai. Wakala atakutumia picha za mbele, pembeni na dashibodi, na hizo tayari unazo, ndizo zilizokukosesha usingizi. Unachotaka ni picha mbaya. Omba za tairi zote nne kwa karibu, na uangalie mabega yake: tairi iliyokimbizwa kwenye kona za kiwanja huliwa ukingo wa nje na mpira wake huwa umechuruzika na kukunjamana. Angalia tarehe ya kutengenezwa kwa tairi pia, kwa sababu gari la 2022 lenye kilomita 9,000 lilipaswa kuwa bado na tairi zake za kwanza, na kwa RZ hizo zilikuwa Michelin Pilot Sport 4. Ukikuta tairi mpya za chapa nyingine, huenda mtu amemaliza seti nzima ndani ya kilomita 9,000, na kama ni hivyo hakuzimaliza kwa kwenda dukani. Omba picha za diski za breki zikiwa kati ya spoku za rimu. Rangi ya bluu au nyufa nyembamba maana yake ni moto mkali uliorudiwa. Omba ya ndani ya madigadi. Vipande vya mpira ulioyeyuka na kuganda humo havitoki mjini. Omba ya bolti zinazoshika shokapu za mbele, kama zina alama za spana basi kuna aliyechezea mlalo wa magurudumu. Mwisho omba video ya injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, bila muziki na bila mtu kuongea. Usiogope ukisikia tiki-tiki nyepesi, injini hii inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda na mlio huo ni wa kawaida. Kugonga kuzito kunakoongezeka ukikanyaga, hilo hapana.

Uvunguni usipasahau. Kaskazini ya Japani, hasa Hokkaido, barabara hunyunyiziwa chumvi kipindi cha theluji, na gari la miaka mitatu linaweza kuwa na uso wa malaika na uvungu wa meli ya zamani. Ila gari la kuendesha magurudumu ya nyuma pekee, tena la chini hivi, wengi wa huko hulifungia ndani majira hayo, hivyo usilikatae kwa sababu tu limetoka kaskazini. Tazama picha kwanza.

Kuhusu injini kuna jambo moja ambalo wenye magari haya duniani kote wanalizungumza. Injini yake, inayoitwa FA24, imeunganishwa kwa silikoni sehemu kadhaa, na kwenye baadhi ya magari silikoni ya ziada ilimenyuka ikaangukia kwenye chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Vipande hivyo vikiwa vingi oili hupita kwa shida. Kwa matembezi ya mjini wengi hawajapata tatizo. Kwa gari linalokimbizwa kiwanjani, hasa kwenye kona ndefu za kulia ambako oili hukimbilia upande mmoja na presha kushuka, injini zimekufa. Unaona tunarudi palepale: historia ya gari ndiyo inayoamua kama jambo hili linakuhusu. Gari likifika, mwaga oili hata kama stika inasema imebadilishwa, weka 0W-20 ya sintetiki kama kiwanda kinavyotaka, pasua filta ya zamani utazame ndani kama kuna vipande vya silikoni au chembe za chuma. Na tafadhali, fundi wako wa mtaani anayependa kupaka silikoni kama siagi kwenye mkate asiifungue sampu hii. Atatengeneza ugonjwa uleule tunaoukimbia.

Kodi nitaipitia haraka kwa sababu kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni na viwango hubadilika na bajeti ya kila Juni. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10, VAT ni 18, halafu tozo ndogondogo. Vikipandana juu ya thamani ya gari na usafiri, kwa kila milioni 10 utalipa karibu milioni 6.2, bila hizo tozo. Thamani yenyewe TRA wanayo kwenye mfumo wao, ankara ya wakala haitawasumbua. Kuna watu watakushauri uchukue 86 ya kizazi cha kwanza, ile ya mwaka 2012 au 2013, kwa vile ni rahisi. Injini yake ni cc 1,998, hivyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 5, sawa. Lakini gari lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 nyingine kwa ajili ya uzee, na jumla ya kodi inafika karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Tena magari ya miaka hiyo miwili yaliitwa kiwandani mwaka 2018 kwa ajili ya springi za valvu, na kazi hiyo inahitaji injini kufunguliwa, kwa hiyo lazima ujue ilifanywa na ilifanywa vizuri. Hapo ndipo gari karibu jipya linapokuwa na akili kuliko linavyoonekana.

Mdogo wako ana hoja, nisimnyime. Harrier ukiitangaza Arusha simu inaita kabla ya jua kuzama. GR86 ya gia ya mkono itamsubiri mtu wake, na mtu wake huenda yuko Dar au Nairobi. Taa, bampa na vioo vya gari hili hutavikuta Kariakoo, vitaagizwa. Filta, plagi na pedi hazitakusumbua sana kwa vile ni jamaa wa Subaru. Kata bima kubwa, na thamani iandikwe ile kamili uliyotumia hadi gari kufika mlangoni. Kama ungeniambia ni hela ya ada za watoto au ya mtaji, ningekwambia uachane nalo. Umeniambia hudaiwi. Mtu asiyedaiwa ana haki ya kununua kitu kwa sababu kinampendeza, na sioni kwa nini utafute kisingizio kingine.

Kwa shemeji jibu ni gumu zaidi. Viti vya nyuma vipo viwili, na kiti cha mtoto kinafungika, lakini mbele yake mzazi atasogea mpaka magoti yaguse dashibodi. Watoto wakishafika umri wa kurefuka miguu, hapo nyuma ni pa mabegi. Gari hili haliwezi kuwa gari pekee la nyumbani. Kama lililopo sasa unataka kuliuza ili kujazia, hapo mimi nakaa upande wa shemeji.

Arusha yenyewe ina mawili ya kukwambia. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Farasi wako 235 watabaki kama 200. Ukilichukua bandarini Dar litakuwa kali kuliko utakavyolijua nyumbani, na huo ndio uzuri wa kwenda kulichukua mwenyewe badala ya kutuma dereva: Chalinze, Segera, Korogwe, Same mpaka Moshi, ni siku nzima ya kufahamiana. Ondoka alfajiri. Vijijini ni 50, tochi za trafiki ziko kila mahali kwenye njia hiyo, na faini ya elfu 30 kwa kosa haichagui gari. Kabla ya kutoka getini piga picha kila upande, maana mikwaruzo ya melini na ya yadi isipodaiwa hapohapo imekuwa yako.

Jambo la pili ni matuta. Tumbo la gari liko milimita 130 tu kutoka ardhini. Matuta ya TANROADS yaliyojengwa kwa vipimo utayapanda kwa mshazari, polepole. Yale yaliyojengwa na wananchi wenye hasira kwenye barabara za mitaa yatakugusa. Ipite njia ya kwako ya kila siku na gari la sasa, hesabu sehemu za hatari, hasa getini kwako. Tairi za RZ ni 215/40R18, ukuta wa tairi ni milimita 86. Shimo moja na rimu imepinda. SZ ilitoka na 215/45R17, ukuta wake ni kama milimita 97. Ningetafuta seti ya rimu za 17 mapema kwa matumizi ya kila siku, tundu zake ni 5x100, yaani bolti tano kwenye duara la milimita 100, kama za Subaru Impreza nyingi, hivyo hutakosa. Zile za 18 zitunze kwa siku za kupanda kona za kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, lami ikiwa kavu na malori hayajaamka. Petroli jaza ile yenye okteni ya juu zaidi unayoipata, kwenye kituo chenye wateja wengi, kwa kuwa mgandamizo wa injini hii ni 12.5 kwa 1 na haipendi mafuta dhaifu. Na usishushe springi. Najua utatamani.

Tumalize na hiyo Ijumaa. Gari likiwa bado halijapita mnadani, wakala hana gari, ana matumaini ya kulinunua, na malipo yanayostahili hapo ni amana ndogo ya kurudishwa. Likiwa tayari limenunuliwa na liko yadini kwake Japani, basi kulipiga picha uvunguni, tairi, diski na kitabu cha matengenezo ni kazi ya nusu saa. Mwandikie leo, umtajie picha moja moja, na umwombe namba ya akaunti yenye jina la kampuni, si la mtu. Vikija vyote na vikiwa safi, lipa kabla ya Ijumaa bila wasiwasi. Akisema picha hizo hazipatikani, mwache aliuze kwa mwingine. GR86 bado zinaendelea kupita minadani kule kila wiki, nyekundu zikiwemo.